Schillings, mpiga picha wa wanyama gizani
Carl Georg Schillings, aliyezaliwa Düren, Ujerumani, mwaka 1865, alifika Afrika Mashariki mwaka 1896. Katika nyika za Umasaini, karibu na Kilimanjaro, alitega kamera usiku: mnyama alipogusa uzi, unga wa magnesiamu uliwaka na picha ikapatikana. Ili kumvuta simba, alifunga punda au ng'ombe hai, ukatili ambao sifa zake hazijaufuta. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilimpatia umaarufu mkubwa. Mwindaji huyo baadaye aliwatetea ndege waliouawa ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake wa Ulaya. Alifariki dunia Berlin mwaka 1921. Kuanzia mwaka 2010, watafiti walitega kamera 225 Serengeti, safari hii bila chambo.