Frantz Fanon: Tabibu aliyetetea heshima ya mgonjwa

MKAZI wa Kiganjo anayekwenda kutibiwa leo katika Hospitali ya Thika Level 5 hupanga foleni moja na wenzake wote. Enzi za mkoloni mambo hayakuwa hivyo. Thika ulikuwa mji uliozungukwa na mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi, na kote nchini matibabu yaligawanywa kwa rangi. Jijini Nairobi, Mzungu alikuwa na hospitali yake, naye Mwafrika alielekezwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kenyatta.

Hata hivyo, upo ubaguzi mwingine usiobandikwa mlangoni, nao ni ule unaokaa katika jicho la daktari. Miongoni mwa waliouchunguza ubaguzi huo kwa makini zaidi alikuwa tabibu mweusi aliyezaliwa mbali na Kenya, lakini ambaye kalamu yake iliigusa Kenya moja kwa moja. Jina lake ni Frantz Fanon.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925, mjini Fort-de-France katika kisiwa cha Martinique, koloni la Ufaransa. Shuleni alipata kufahamiana na mshairi Aimé Césaire, aliyekuwa mwalimu huko. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na jeshi la Ufaransa huru, akajeruhiwa mwaka wa 1944 na kutunukiwa nishani. Baada ya vita alisomea udaktari mjini Lyon, kisha akabobea katika maradhi ya akili.

Huko Lyon ndiko alikoanza kuona mambo yaliyomkera. Vibarua kutoka Afrika Kaskazini walifika hospitalini wakilalamikia maumivu ya mwili mzima. Daktari alipokosa kuona kidonda wala uvimbe, aliamua kwamba mgonjwa ni mvivu au mwongo. Mwaka wa 1952 Fanon aliandika makala akieleza kwamba hukumu hiyo ilikuwa imetolewa kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Daktari hakuchunguza mtu bali alichunguza kabila. Hakuuliza kibarua yule analala wapi, anakula nini, wala mkewe na wanawe wako wapi.

Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka huo huo, aligusia pia suala la lugha. Kifaransa kina namna mbili za kumsemesha mtu, moja ya heshima na nyingine ya rafiki au mtoto. Mgonjwa Mzungu alipewa ile ya heshima. Mwarabu au mtu mweusi, hata akiwa mzee mwenye mvi, alisemeshwa kama mtoto na kwa Kifaransa kilichovunjwavunjwa makusudi. Kwa Fanon, hilo lilikuwa tusi ambalo dawa haikuweza kulifuta.

Mnamo Novemba 1953 aliteuliwa kufanya kazi katika hospitali ya maradhi ya akili ya Blida, nchini Algeria. Alikuta wagonjwa wametengwa, Wazungu kando na Waislamu kando. Alianzisha tiba ya kuwashirikisha wagonjwa katika michezo, sherehe na shughuli za pamoja. Wanawake wa Kizungu walipata nafuu, lakini wanaume Waislamu walikaa kimya.

Badala ya kuwalaumu wagonjwa, Fanon alijikosoa. Alitambua kwamba alikuwa amewaletea desturi za Ulaya akitarajia wazipokee kama zao. Ndipo ikafunguliwa sehemu ya kunywea kahawa kama zile za mitaani, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa na msimulizi wa hadithi akaalikwa. Nyuso zilizokunjamana zikaanza kukunjuka.

Mwaka wa 1956, vita vya ukombozi vikiwa vimechacha, alijiuzulu. Alifukuzwa Algeria mapema mwaka wa 1957 akahamia Tunis kuwatumikia wapiganaji. Desemba 1958 alihutubia mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra, uliokuwa chini ya uenyekiti wa Mkenya Tom Mboya. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1959 alieleza kwa nini mgonjwa aliyetawaliwa hukakamaa mbele ya daktari wa kikoloni, akajibu kwa mkato na kuacha dawa njiani. Hakuwa mjinga. Daktari huyo alikuwa wa upande uleule wa askari na mkuu wa wilaya.

Mintarafu ya Kenya, Fanon alimkabili John Colin Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari kuanzia mwaka wa 1938 hadi 1950. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, Carothers alidai kwamba Mwafrika wa kawaida alifanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake iliyoeleza vita vya Mau Mau kana kwamba ni ugonjwa wa akili, ilhali kilio cha watu kilikuwa ardhi na uhuru. Fanon alilipinga dai hilo la ubongo katika kitabu chake cha mwisho, ambacho kilitafsiriwa kwa Kiswahili kikaitwa Viumbe Waliolaaniwa. Alisisitiza kwamba tabia iliyozaliwa na ukoloni haiwezi kutafutwa katika maumbile ya mtu.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, kisha akapelekwa Marekani kwa jina la Ibrahim Fanon, ambako alikaa hotelini siku kadhaa kabla ya kulazwa. Alifariki Desemba 6, 1961, akiwa na umri wa miaka 36, na mwili wake ukazikwa katika ardhi ya Algeria.

Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake. Nchini Kenya kuta za rangi zilibomolewa hospitalini, ila swali lake lingali linamhusu kila mganga na muuguzi: je, anayeketi mbele yao anasikilizwa kabla ya kuhukumiwa, awe na pesa au hana, awe anajua Kiingereza au hakijui?