Édouard Lucas na Nambari ya Tarakimu 39

Neno tasa tumelizoea kwa kiumbe asiyezaa. Wanahisabati wameliazima kwa nambari isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, mathalani 7 au 31. Utasa wa nambari ndogo hutambulika upesi. Wa nambari kubwa ulimshughulisha Mfaransa Édouard Lucas takriban maisha yake yote.

Lucas alizaliwa tarehe 4 Aprili 1842 mjini Amiens. Alifanya kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Paris, akawa afisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, kisha akafundisha hisabati katika shule za upili.

Mnamo 1644 mtawa Marin Mersenne alikuwa ametaja nambari kadhaa alizodai ni tasa, pasi na kutoa ithibati. Mojawapo hupatikana kwa kuzidisha 2 zipatazo 127 pamoja, kisha kutoa 1. Jawabu ni 170141183460469231731687303715884105727. Anayetaka kuijaribu kwa kigawo kimoja baada ya kingine atazeeka kabla hajafika popote. Lucas hakuijaribu hivyo. Alianza na nambari ndogo, akaizidisha kwa yenyewe, akatoa 2, akagawanya kwa ile nambari kubwa na kubakiza salio. Salio hilo nalo akalifanyia vivyo hivyo, hatua baada ya hatua. Salio likifikia sifuri katika hatua inayostahili, nambari ni tasa. Mwaka 1876 akatangaza kwamba ile ya tarakimu 39 ni tasa. Kazi yote hiyo, msomaji, ni ya mkono!

Kwa nambari nyingine ya Mersenne, 147573952589676412927, alionyesha mwaka huo huo kwamba si tasa, ingawa hakujua hata kigawo chake kimoja. Kwa maoni yangu, huu ndio ushindi wake mkubwa zaidi: kujua kwamba nambari ina wazazi bila ya kuwaona. Wazazi wenyewe, 193707721 na 761838257287, walitajwa na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903.

Lucas alipenda michezo pia. Mnara wa Hanoi, alioutoa mwaka 1883, aliutia jina la N. Claus wa Siam, ambalo ni herufi za Lucas d'Amiens zilizopanguliwa.

Cole alipotaja vigawo hivyo, Lucas alikuwa kaburini. Katika karamu ya wanasayansi mwaka 1891 mhudumu aliangusha vyombo, kigae kikamkata shavuni. Jeraha likaingia uambukizo, naye akafariki Paris tarehe 3 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 49. Nambari yake ya tarakimu 39 iliendelea kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1951, na hakuna aliyethibitisha kubwa zaidi pasipo mashine. Njia yake, iliyoboreshwa baadaye na Derrick Henry Lehmer, ndiyo iliyothibitisha tasa ya tarakimu 41,024,320 iliyopatikana mwaka 2024 kwa kompyuta.