Padre William Mompesson wa Eyam

Katika Derbyshire, nchi ya Uingereza, kiko kijiji kidogo kiitwacho Eyam. Uani mwa kanisa lake umesimama msalaba wa mawe wenye umri wa miaka zaidi ya elfu, na humo pia limo kaburi la Catherine Mompesson. Twapenda kueleza habari za mumewe.

Padre William Mompesson alifika Eyam mwaka 1664, angali kijana. Wengi katika mtaa walikuwa wakimpenda bado padre wao wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa kwa kuwa hakukubali sheria mpya ya ibada ya mwaka 1662.

Mwaka 1665 vitambaa vililetwa kutoka London nyumbani kwa mshoni, na tauni ikaja pamoja navyo. Mwezi Septemba mtumishi wa mshoni, George Viccars, akafa. Wakati wa baridi maradhi yalipungua, walakini Juni 1666 yakazidi, hata watu wakataka kukimbia. Mompesson alitambua ya kuwa wakikimbia wataieneza tauni katika miji ya jirani. Tena alijua ya kuwa neno lake peke yake halitoshi. Basi akapatana na Stanley, nao wawili wakawasihi watu wasivuke mpaka. Watu wakakubali.

Kanisa likafungwa, ibada ikafanywa bondeni Cucklet Delf, na kila jamaa wakazika wafu wao wenyewe. Vyakula viliwekwa mpakani, na fedha za kuvilipia zikatiwa katika siki. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane. Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake mbali, bali Catherine alikataa kumwacha, akafa Agosti. Tauni ilipokoma, mwezi Novemba, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Mwaka 1669 Mompesson alihamia Eakring. Yasemekana watu wa huko walimwogopa kwanza, hata akahubiri chini ya mti. Baadaye alitakiwa awe mkuu wa kanisa kuu la Lincoln, akakataa. Alifariki mwaka 1709.

Hata leo, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hukusanyika bondeni kuwakumbuka. Nasi twaona ya kuwa kama mapadre wale wawili wangalishindana, kijiji kingalitawanyika, na vilio vingalisikiwa katika nyumba nyingi zaidi.