Louis Pasteur na Chanjo ya Kuku

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1822, katika mji wa Dole, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Louis alisoma kwa bidii, akawa mwanasayansi. Binti zake wawili walikufa kwa homa ya matumbo wangali watoto. Siku zile hapakuwa na chanjo ya ugonjwa huo.

Wakati huo kipindupindu cha kuku kiliwaua kuku wengi. Pasteur alivikuza vijidudu vya ugonjwa huo katika supu ya kuku. Kuku aliyedungwa supu hiyo alikufa upesi.

Mwaka 1879, Pasteur na wasaidizi wake waliwadunga kuku supu iliyokuwa imekaa chupani muda mrefu. Kuku hao waliugua kidogo, kisha wakapona. Je, ni kwa sababu gani hawakufa? Ili kupata jibu, walitayarishiwa supu mpya yenye vijidudu vikali. Walidungwa kuku waliopona, pamoja na kuku wengine ambao hawakuwa wamedungwa kamwe. Wale wengine walikufa, lakini kuku waliopona hawakufa.

Pasteur akatambua kwamba vijidudu vya zamani vilikuwa vimedhoofika. Havikuweza kuua, lakini viliuzoeza mwili wa kuku kupigana na ugonjwa. Vijidudu vikali vilipoingia, mwili ulikuwa tayari. Alitangaza jambo hilo mwaka 1880. Mwaka uliofuata aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta, na mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo alipona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895.

Hata leo vijidudu vilivyodhoofishwa hutumika kuwakinga kuku na homa ya matumbo ya kuku. Ugonjwa huo huletwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Salmonela ya aina nyingine ndiyo iletayo homa ya matumbo kwa watu. Kumbuka kwamba chanjo hukinga, haitibu. Kwa hiyo kuku huchanjwa wangali wazima.

Maswali

1. Pasteur alivikuza vijidudu katika kitu gani?
2. Kwa nini ilikuwa lazima kuwadunga pia kuku ambao hawajapata kudungwa?
3. Eleza jinsi chanjo inavyoukinga mwili.
4. Kwa nini haifai kungoja kuku waugue ndipo wachanjwe?