Dorothy Brooke, mama aliyenunua farasi wazee wa Cairo

Msikilizaji, wengi wetu hubebewa maji, kuni na mavuno na punda. Leo tunamtazama mama aliyejitolea kwa ajili ya wanyama wa aina hii: Dorothy Brooke wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1883. Mwaka 1930 alifika Cairo, Misri, pamoja na mumewe, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha askari wa farasi. Huko alikuta jambo lililomnyima usingizi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza halikuwarudisha nyumbani farasi wake wengi. Liliwauza hukohuko. Miaka kumi na zaidi baadaye, waliobaki hai walikuwa wakivuta mikokoteni ya mizigo mjini, wakiwa wamekonda, wana vidonda, wengine vipofu.

Wenye farasi hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini, na farasi ndiye aliyeleta chakula nyumbani. Dorothy aliliona hilo. Kumnyang'anya mtu farasi wake kungekuwa kuwaadhibu watoto wake. Kwa hiyo aliamua kuwanunua, ili mwenye mali apate fedha ya kutafuta mnyama mwingine.

Fedha alizipataje? Mwaka 1931 aliandika barua kwenye gazeti la Morning Post la Uingereza, akaeleza aliyoyaona. Wasomaji wakaanza kutuma michango. Akaunda kamati, na katika miaka mitatu wakanunua farasi wapatao 5,000.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Wengi walikuwa wazee na wagonjwa, hawaponi tena. Walipewa siku chache za kupumzika, wakala na kunywa wakashiba, kisha wakauawa bila kuteswa. Kuwaona wakiondoka vile kulimuumiza sana, lakini aliona kuwaacha barabarani ni ukatili mkubwa zaidi.

Mwaka 1934 alianzisha hospitali ya wanyama Cairo, iliyowatibu bure farasi na punda wa watu maskini. Sasa kazi haikuwa kununua tu. Mnyama alitibiwa akarudi kwa mwenyewe kufanya kazi. Dorothy alifariki Cairo mwaka 1955, lakini shirika lililobeba jina lake, Brooke, bado linafanya kazi katika nchi kadhaa, ikiwemo Kenya.

Tunajifunza nini sisi wenye punda? Kwamba huruma kwa mnyama haianzi na fedha nyingi. Mpe maji kabla ya safari na baada yake. Mtandikie kitambaa laini mgongoni kabla ya kumpakia. Akiwa na kidonda, mpumzishe na umwite daktari wa mifugo mapema. Na jirani akimzidishia punda mzigo, tuzungumze naye kwa upole kama Dorothy alivyofanya na wenye mikokoteni, kwa maana naye anatafuta riziki.