Antoni wa Misri: Alitua mzigo wa mikono, kisha wa moyo

Leo nakualika tumtazame Mwafrika mwenzetu, Antoni wa Misri, aliyezaliwa karibu mwaka 251. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye uwezo. Walifariki yeye akiwa na miaka kati ya 18 na 20, wakamwachia dada mdogo wa kulea na ardhi yenye rutuba, ekari 200 hivi.

Haikupita miezi sita, Antoni akaingia kanisani wakati inasomwa habari ya kijana tajiri, Mathayo 19:21. Wewe nami tumeisikia mara ngapi, tukarudi nyumbani vilevile? Antoni alitoka akawagawia wanakijiji ardhi ile, akauza vingine na kuwapa maskini, akibakiza akiba kidogo kwa ajili ya dada yake. Siku nyingine akasikia tunavyoagizwa tusiisumbukie kesho, Mathayo 6:34. Akaitoa na hiyo akiba, akamkabidhi dada yake kwa mabikira waaminifu wamlee.

Ungedhani mzigo umekwisha. La hasha! Askofu Athanasi wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, anaonyesha kwamba mikono ilikuwa mitupu, lakini kichwa bado kilijaa. Antoni alikumbuka mali aliyogawa. Alimwazia dada yake. Alitamani vyakula vizuri na sifa za watu. Shamba aliligawa upesi. Mawazo yalimchukua miaka.

Alipambana nayo kwa sala, kufunga na kazi za mikono, kisha akajifungia peke yake katika ngome iliyoachwa jangwani kwa karibu miaka 20. Hatimaye rafiki zake walipovunja mlango, walishangaa. Hakuwa amedhoofika wala kuchanganyikiwa. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye moyo mweupe.

Baadaye aliwashauri wanafunzi wake waandike mawazo na matendo yao, kana kwamba kila mmoja atamsomea mwenzake, ili aibu iwasaidie kuyaacha mabaya. Alipofariki mwaka 356, akiwa na miaka 105 hivi, urithi wake ulikuwa mavazi: ngozi mbili za kondoo kwa maaskofu wawili, na vazi la manyoya kwa wanafunzi waliomtunza.

Ndugu yangu, si wote tunaoitwa jangwani. Una ada za watoto na kodi ya nyumba. Lakini fungua kabati lako leo. Nguo usizozivaa zina mwenyewe, naye anatembea bila nguo. Kisha fungua moyo. Humo mna ugomvi wa mirathi, neno la jirani la mwaka juzi, na dhambi uliyokwisha kuitubu lakini bado umeibeba.

Vya kabatini vigawe wiki hii. Vya moyoni viandike kwenye karatasi, viombee, kisha uichane. Vikirudi Jumatatu usikate tamaa. Hata kwa Antoni vilirudi, naye akavitua tena mbele za Mungu.

Jumapili njema.