Georg Ohm: Mwalimu Aliyesota na Kupuuzwa, Lakini Leo Ndiye Anaamua Kama Sabufa Yako Itadunda

Umeabiri mat pale Garsen ukielekea Malindi. Makanga amefunga mlango, dere ameongeza sauti, na sabufa iliyo chini ya kiti cha nyuma inakugonga kifuani kama ngoma ya harusi. Lakini ukiwa makini utaona kitu. Kila besi ikipiga, taa za dashibodi zinafifia. Baada ya kilomita kadhaa kunaanza kunuka plastiki ya kuungua, na dere anadhani ni joto tu la Tana River.

Si joto, buda. Hiyo ni ngori ambayo mzee mmoja wa Ujerumani aliimaliza kitambo, kabla hata gari la kwanza halijatengenezwa. Jina lake limeandikwa nyuma ya karibu kila spika umewahi kununua: ohm 2, ohm 4, ohm 8. Wasee wengi hudhani hiyo ni aina ya spika. Hapana. Ni jina la mtu, na stori yake ni noma.

Mtoto wa fundi wa kufuli

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Mzee wake, Johann, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa fundi cherehani. Walizaa watoto saba, lakini waliofika utu uzima ni watatu pekee. Georg alikuwa bado mtoto wa miaka kama kumi hivi mama yake alipofariki.

Huyo mzee hakuwa na masomo ya chuo, lakini alikuwa amejifunza mwenyewe kwa vitabu hadi akaiva. Jioni akitoka kazini aliwakalisha chini vijana wake wawili, Georg na Martin, akawapiga hesabu na sayansi. Martin naye alikuja kuwa mwanahesabu wa kutajika. Na kule kwenye meza ya kufuli, Georg aliokota kitu ambacho maprofesa wengi hawakuwa nacho: mikono inayojua chuma.

Mwaka wa 1805 akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Hapo ndipo alipotuangusha kidogo. Badala ya kusoma, akazama kwa densi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Mzee aliposikia pesa zake zinaliwa hivyo, alikasirika vibaya. Baada ya mihula mitatu kijana akatolewa chuoni, akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu kwenye shule. Alikuwa na miaka 17 tu.

Alijipanga. Akasoma peke yake, akarudi Erlangen na mwaka wa 1811 akapata shahada ya udaktari. Sasa ungedhani maisha yamenyooka, sivyo? Wapi! Kazi ya kufundisha chuoni ililipa vibaya sana hadi akaiacha. Akaangukia shule moja ya hali ya chini kule Bamberg, nayo ikafungwa mwaka wa 1816. Msomi mzima, na bado anajitafuta.

Waya, sindano na barafu

Mambo yalibadilika mwaka wa 1817. Alikuwa ameandika kitabu cha jiometri, akamtumia mfalme wa Prussia nakala, na akapata kazi ya ualimu huko Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri. Mwaka wa 1820 mwanasayansi wa Denmark, Ørsted, alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye stima husogeza sindano ya dira. Ohm akaona mlango: kama stima inasukuma sindano, basi ukipima sindano imesukumwa kiasi gani, umepima stima yenyewe.

Akaanza kuunganisha waya za urefu tofauti na unene tofauti, moja baada ya nyingine. Vifaa vingi alijitengenezea mwenyewe, ile mikono ya mtoto wa fundi. Lakini betri za wakati huo zilikuwa hazitulii, nguvu inapanda na kushuka. Mwaka wa 1825 akaharakisha kuchapisha matokeo, na hesabu yake ikawa imekosea. Hebu fikiria hiyo aibu, jina lako limeshachapishwa.

Hakukimbia. Mhariri wa jarida lile lile, Poggendorff, alimshauri aachane na hizo betri atumie metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Mpangilio huo hutoa stima kidogo lakini imetulia tuli. Ohm akarudia kila kitu, na mwaka wa 1826 jibu likatoka safi. Mkondo wa stima hutegemea vitu viwili tu: msukumo wa betri na ukinzani wa njia. Msukumo ukiongezeka, mkondo unaongezeka. Ukinzani ukiongezeka, mkondo unapungua. Ndiyo ile V sawa na I mara R uliyoiona kidato.

Watu wa Tana wanaijua hii kitu bila kuingia darasani. Mto ukifura na maji mengi yalazimishwe kupita kalavati moja nyembamba, upande wa juu yanajaa, upande wa chini yanatoka kidogo, na hiyo kalavati yenyewe ndiyo inaumia. Waya mwembamba ni kalavati.

Akaandika ukweli, akapuuzwa

Kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu stima, alichukua likizo ya mwaka mmoja kwa nusu mshahara, akaenda Berlin. Kikatoka mwaka wa 1827. Alitarajia kwamba sasa chuo kikuu chochote kitamwita. Badala yake alipata ubaridi. Wakosoaji walimchapa, wengine hawakukisoma, na wengi hawakupenda kuona hesabu nzito zimeingizwa kwenye fizikia. Kwa uchungu akaacha kazi ya Cologne mwaka wa 1828, akabaki Berlin akifundisha vipindi vya hapa na pale. Ni hadi 1833 ndipo alipopata nafasi ya kudumu, huko Nuremberg.

Heshima ilitoka nje kwanza. Mwaka wa 1841 Royal Society ya London ilimtunuku medali ya Copley, moja ya tuzo kubwa kabisa za sayansi wakati huo. Miaka miwili baadaye akaangalia sauti yenyewe, akasema sikio letu huichambua sauti iliyochanganyika hadi kwenye milio sahili iliyoijenga. Ndiyo maana ndani ya mziki mmoja unasikia besi na filimbi kila moja kivyake. Hapo pia alipingwa.

Kiti alichokiota tangu ujana, cha profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, alikipata mwaka wa 1852. Alikuwa na miaka 63. Akafariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka wa 1881, wataalamu wa stima wa dunia walipokutana Paris, kipimo cha ukinzani kikapewa jina lake. Yeye hakuwepo kusikia.

Sasa turudi kwa ile mat

Betri ya gari ni volti 12. Tuseme amplifaya yako ikipiga besi inavuta wati 600. Gawanya kwa 12, unapata ampea 50. Sasa umebania doo, ukavuta waya mwembamba wa mita tano kutoka kwa betri hadi nyuma. Ukinzani wake ni kama ohm 0.04. Inaonekana si kitu, ama? Zidisha kwa 50: volti 2 zimepotelea njiani. Amplifaya inapata 10 badala ya 12, taa zinafifia, na karibu wati 100 zinageuka joto ndani ya waya uliofichwa chini ya kapeti. Hiyo ndiyo ile harufu. Waya nene, ile ya geji 4, ina ukinzani mdogo mara kumi, na hasara inashuka hadi volti 0.2.

Waya wa ardhi nao usiudharau. Uwe mfupi, unene ule ule, na ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu hadi kikang'aa. Kutu ni ukinzani. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi inchi 18, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya kabla ya kulinda amplifaya. Waya za mawimbi ya mziki pitisha upande wa pili wa gari, mbali na waya wa betri, la sivyo utasikia mluzi wa injini kwenye kila wimbo.

Halafu spika zenyewe. Sabufa mbili za ohm 4 ukiziunganisha sambamba, amplifaya inaona ohm 2. Ukizipanga kwa mfululizo, inaona ohm 8. Ukiongeza mbili tena sambamba, unashuka hadi ohm 1, na kama amplifaya yako imeandikwa mwisho ohm 2, unailazimisha kutoa mkondo mara mbili ya uwezo wake. Itakupa besi ya kutingisha dirisha wiki hii, wiki ijayo inatoa moshi.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu ndefu ya hiyo njia ni nyika tupu. Si mahali pa kusimama na abiria kumi na wanne huku gari linawaka. Maprofesa walimpuuza Ohm na hawakuungua. Wewe ukimpuuza, waya utakujibu. Kwa hivyo kabla hujakaza skrubu ya mwisho, geuza hiyo spika, usome jina la huyo mwalimu, kisha upige hesabu yake.